Ziyara ya Athari na Fiqhi Yake: Kutoka Al-Hijr hadi Butiama, Musoma na Bunda

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

SUALA LILILOTUFIKIA

Mwalimu mmoja wa madrasa mjini Musoma alikusudia kuwapeleka wanafunzi wake wakubwa katika safari ya siku mbili wakati wa likizo. Siku ya kwanza ilikuwa ya Butiama, waone makumbusho na kaburi la Mwalimu Julius Nyerere. Siku ya pili wangepita Bunda na kuingia Hifadhi ya Serengeti kwa lango la Ndabaka, lililo kando ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Alipowaita wazazi kuwaarifu, mzazi mmoja alisimama akapinga kwa hoja tatu. Ya kwanza, kwamba utalii ni jambo la wageni na Uislamu hauna asili nalo. Ya pili, kwamba kufunga safari kwenda kwenye kaburi la asiyekuwa Mwislamu ni haramu. Ya tatu, kwamba hifadhi zile zimewabana watu wa vijijini katika ardhi yao, na mwenye kulipa kiingilio anaisaidia dhulma.

Kikao kilibishana sana juu ya hoja ya pili, kikaigusa kidogo ya kwanza, na ya tatu kikaipita kabisa. Mwishowe watu walitawanyika bila ya uamuzi, na safari ikaahirishwa. Mwalimu ametuomba tuandike lile tunalolijua katika historia na katika vitabu vya fiqhi. Tunaandika kwa kutaraji kwamba wasomaji wetu, maimamu na wanafunzi, watafaidika pamoja naye.

JE, UTALII HAUNA ASILI KWETU?

Tuanze na neno lenyewe. Utalii ni neno lililotokana na Kiarabu, kwenye mutalaa. Kila aliyesoma madrasa analijua neno hilo: ni kuupitia ukurasa wa kitabu kwa makini kabla ya kwenda kwenye darsa. Wazee wetu waliposema mtu anatalii walikuwa na maana ya kuchungua na kusoma. Waarabu wa leo huuita utalii siyaha, na neno hilo nalo lina asili ya kidini: katika Sura ya At-Tawba waumini wanasifiwa kwa sifa ya as-saaihuun, na wafasiri wengi wakasema makusudio yake ni wafungao saumu. Maneno yote mawili, basi, yalianza katika elimu na ibada kabla ya kufika kwenye mahoteli.

Amri ya kutembea katika ardhi na kuangalia ulikuwaje mwisho wa waliotangulia imekariri katika Qur'ani, ikiwemo Sura ya Al-An'aam na ya Ar-Ruum. Sahaba na waliowafuata waliichukua amri hiyo kwa miguu yao. Jabir bin Abdillah (r.a.) alisafiri mwendo wa mwezi mzima hadi Sham kwa ajili ya hadithi moja iliyokuwa kwa Abdullah bin Unays (r.a.). Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria (1071), aliandika kitabu maalumu juu ya safari za kutafuta hadithi. Ali bin Abi Bakr al-Harawi, aliyefariki mwaka 611 Hijria (1215), aliandika kitabu cha kuwaelekeza watu mahali pa ziyara katika nchi mbalimbali. Na pwani yetu wenyewe ilitembelewa na Ibn Battuta mwaka 731 Hijria (1331). Alipita Mogadishu na Mombasa na kufika Kilwa, na habari alizoziandika ni miongoni mwa ushahidi mkubwa tulionao juu ya Uislamu wa Kilwa ya wakati ule.

La kuzingatia hapa ni kuwa watu hao walisafiri kwa makusudio yanayojulikana: elimu, mazingatio, kuunga udugu na kutafuta riziki. Hoja ya kwanza ya mzazi huyu, kwa hiyo, haisimami kwa namna alivyoisema. Lililo sahihi katika maneno yake ni kuwa safari huhukumiwa kwa kusudio lake na kwa yanayotendwa ndani yake. Anayesafiri kwa ajili ya ulevi na uchafu ameharamisha safari yake yeye mwenyewe, hata kama njia aliyopita ni ile ile ya mwanachuoni.

KABURI LA BUTIAMA

Butiama ni kijiji cha Wazanaki, yapata kilometa 40 kutoka Musoma, na tangu mwaka 2012 ni makao ya wilaya yenye jina hilo. Hapo alizaliwa Mwalimu Nyerere tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito na Bi Mugaya. Mwaka 1934 alipelekwa Musoma kuanza masomo katika shule ya Mwisenge, na shule hiyo ingalipo. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama tarehe 23 ya mwezi huo, katika boma la ukoo wake liitwalo Mwitongo. Makumbusho yanayobeba jina lake, yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, yalifunguliwa mwaka huo huo wa 1999. Jina Mwitongo linakaribiana na neno letu la zamani tongo, yaani mahame, mahali palipokaliwa kisha pakaachwa. Ndiyo aina ya mahali ambapo Qur'ani inatutaka tupatazame.

Sasa, nini hukumu ya kulitembelea kaburi la asiyekuwa Mwislamu? Jambo hili maulamaa hawakuliacha. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alilizuru kaburi la mama yake, akalia na akawaliza waliokuwa naye. Alieleza kuwa aliomba ruhusa ya kumtakia maghfira akanyimwa, na aliomba ruhusa ya kulizuru kaburi lake akapewa. Imam an-Nawawi katika kuisherehesha hadithi hii ametoa hukumu ya kujuzu kulizuru kaburi la asiyekuwa Mwislamu. Na katika Al-Majmuu ameitaja kauli ya al-Mawardi, mwenye kitabu Al-Haawi, kwamba haijuzu, akaihukumu kuwa ni kosa, na akasema kuwa kujuzu ndiko kulikokatwa na walio wengi. Sisi wa Afrika Mashariki tulio wengi tunafuata madhehebu ya Shafii, na huyu ndiye Nawawi ambaye vitabu vyake tunavisomesha katika madrasa zetu. Haifai mtu kusimama kikaoni akasema ni haramu kwa ijmai.

Huenda mzazi yule aliichanganya mas-ala hii na ile ya kufunga safari, ambayo khilafu yake ni mashuhuri. Ibn Taymiyya alizuia kufunga safari kwa ajili ya kuzuru makaburi, kwa kushika hadithi ya misikiti mitatu. Kwa sababu ya fatwa hiyo alifungwa katika ngome ya Damascus mwaka 726 Hijria (1326), na humo akafariki mwaka 728. Taqiyyud-Din as-Subki, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii, aliandika kitabu cha kumjibu. Lakini pande zote mbili zilikuwa zikizungumza juu ya safari ya kutafuta thawabu na baraka. Safari ya biashara, ya elimu au ya kuangalia nchi haimo katika mzozo huo, na hakuna katika wao aliyeiharamisha.

Kuna pia mfano wa Al-Hijr, nchi ya Thamudi. Mwaka wa 9 Hijria, katika msafara wa Tabuk, Mtume (s.a.w.) alipita hapo na Sahaba zake. Katika riwaya za Bukhari na Muslim, aliwakataza wasiingie katika makazi ya wale walioadhibiwa isipokuwa wawe wanalia. Yeye mwenyewe alifunika kichwa akaharakisha mwendo mpaka akalivuka bonde. Waliokuwa wamekwishateka maji ya visima vile aliwaamuru wayamwage, unga waliokwishaukanda wawape ngamia, na wateke katika kisima alichokuwa akinywa ngamia wa Nabii Swaleh (a.s.). Angeweza kuwaamuru waigeuze njia wasiyaone kabisa mahame yale, wala hakufanya hivyo. Aliwapitisha, akawawekea adabu. Na adabu ile ni ya mahali palipoteremka adhabu. Butiama si mahali pa adhabu. Ni kijiji cha watu walio hai, chenye makaburi ya wazee wao.

Lakini kuna jambo la kuchunga. Katika Butiama upo msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki wa zamani waliuhesabu kuwa makazi ya mzimu. Na jina Kambarage, kama inavyosimuliwa, ni la mzimu wa mvua, alilopewa mtoto aliyezaliwa siku ya mvua kubwa. Mwanafunzi wa Kiislamu aelezwe habari hizi kama zinavyoelezwa habari za Waarabu wa Jahilia katika vitabu vya sira: ajue watu waliamini nini, na ajue kwa nini yeye haamini hivyo. Hatupangusi kaburi, hatuombi kwalo wala kwa mwenyewe, hatuweki nadhiri msituni. Anayeogopa kwamba mtoto wa darasa la tauhidi atatoka kwenye imani yake kwa kuona jiwe, basi ailaumu darasa kabla ya kulilaumu jiwe.

Jambo jingine ni uadilifu wa historia. Wapo miongoni mwetu wenye uchungu na kipindi cha Mwalimu, na uchungu huo una sababu zake. Waislamu walikuwa katika msingi wa chama cha TANU kilichoasisiwa tarehe 7 Julai 1954. Majina ya Abdulwahid Sykes, Sheikh Hassan bin Amir na Bibi Titi Mohamed hayawezi kutengwa na habari za uhuru. Kisha mwaka 1968 jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, ilipigwa marufuku, BAKWATA ikaundwa, na Sheikh Hassan bin Amir akarejeshwa Zanzibar kwa nguvu. Hayo yametokea na hayafutiki. Lakini Sura ya Al-Maaida imetukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Kijana atakayefika Butiama na aende na historia yote: ya mtoto wa chifu aliyetoka Mwisenge akaiongoza nchi, na ya wazee wa Kiislamu waliompokea Dar es Salaam. Asiyekwenda hatajifunza lolote, na anayekwenda bila ya kuyajua haya ataona nusu.

MUSOMA: ATHARI ZISIZOANDIKWA

Tunapozungumza juu ya athari, wengi hufikiri ni za watu wengine tu. Waislamu nao wana athari katika nchi ya Ziwa, ila nyingi hazikuandikwa na mikono yetu.

Kabla ya Mzungu yeyote kulizunguka Ziwa, misafara ya pwani ilikuwa imekwishayafikia mwambao wake. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika Buganda kwa Kabaka Suna mwaka 1844. Upande wa mashariki, misafara ya Pangani, Tanga na Mombasa ilipita nchi ya Wamasai kuelekea Ziwani. Habari za njia hizo zilichapishwa London mwaka 1870 katika jarida la Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia, kwa jina la mmishonari Thomas Wakefield wa Ribe, karibu na Mombasa. Wakefield hakuzitembea njia hizo. Alizipokea kwa mdomo, na mwingi wa maelezo yake ulitoka kwa mtu wa msafara aitwaye Sadi bin Ahedi, mwenyeji wa upande wa Gasi. Sadi alikuwa na vituo vyote kichwani: wapi pana maji, wapi pana chakula, siku ngapi hadi kituo kinachofuata. Jina lake limebaki duniani kwa sababu mtu mwingine alishika kalamu.

Mfano wa pili ni Songoro, mfanyabiashara ambaye Stanley alimkuta Kagehyi, mwambao wa Usukuma, mwaka 1875, alipokuwa akijiandaa kulizunguka Ziwa kwa mashua yake kupitia mwambao huu wa Mara. Songoro alikuwa na shughuli za kuunda jahazi Ukerewe. Mwishoni mwa mwaka 1877 aliuawa huko Ukerewe pamoja na wamishonari wawili wa Kiingereza. Wamishonari wale wameandikiwa vitabu, na Songoro hutajwa pembeni ya habari zao.

Tusiyapambe mambo haya. Misafara ile ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba watumwa. Mwenye kusimulia habari za Waislamu wa Ziwa akaificha sehemu hiyo amefanya khiyana katika riwaya, na elimu ya hadithi imetufundisha thamani ya riwaya. Athari huhifadhiwa pamoja na uchungu wake, kwani mazingatio yamo humo.

Hapa inafaa kumtaja Abdul-Latif al-Baghdadi, tabibu na mwanachuoni aliyefariki mwaka 629 Hijria (1231). Alifika Misri akaandika kitabu Al-Ifada wal-I'tibar juu ya aliyoyaona. Ameeleza jinsi al-Malik al-Aziz Uthman, mtoto wa Salahud-Din, alivyoshawishiwa kuzibomoa piramidi, akaanza na ile ndogo. Mafundi na wachonga mawe walihangaika kwa yapata miezi minane, wakaacha huku wamechoka, na jengo likabaki na jeraha tu. Abdul-Latif alisikitika. Alieleza kwamba wafalme waliotangulia walizihifadhi athari kwa sababu zenye akili: zinaweka tarehe za zamani, zinashuhudia habari zilizomo katika vitabu vilivyoteremshwa, zinaonesha elimu ya watu waliopita, na zinatoa mazingatio. Huyu ni Mwislamu aliyezungumza juu ya majengo ya Mafirauni. Je, angesema nini juu yetu, ambao hatuzihifadhi athari za baba zetu?

Tunaposema hivi tunawakusudia maimamu wa Musoma, Bunda na Butiama. Msikiti unaosalia leo uliwekwa wakfu na nani, na mwaka gani? Nani alikuwa imamu wa kwanza, na alisoma kwa nani? Kaburi lile la zamani nje ya mji ni la nani? Wazee wanaojua majibu wanaondoka mmoja mmoja. Hakuna haja ya kungoja idara wala mfadhili. Daftari moja, mwanafunzi mmoja mwenye hati nzuri, na vikao vichache baada ya swala ya alasiri, vinatosha kuanzia. Hati ya wakfu inakiliwe na nakala iwekwe mahali pa pili. Kwa wakfu, kuandika ni katika kulinda amana yenyewe, kwani wakfu mwingi hupotea siku mashahidi wake wanapokwisha.

BUNDA: HIMA NA HAKI YA JIRANI

Sasa tunafika kwenye hoja ya tatu, iliyopitwa haraka kikaoni. Kwa maoni yetu hii ndiyo nzito kuliko zote.

Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1981 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 14,763, na nyumbu wanaohama humo ni zaidi ya milioni 1. Ukanda wake wa magharibi unanyoosha mkono kuelekea Ziwa, kwenye Ghuba ya Speke, na humo ndimo vilimo vijiji vya Bunda vinavyopakana nayo. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika tamko lililotolewa Arusha Septemba 1961, alikubali kwa niaba ya nchi dhamana ya kuwalinda wanyamapori. Sheria ya mwaka 2009 inawahesabu wanyama hao kuwa ni mali ya umma, iliyo mikononi mwa Rais kama mdhamini.

Fiqhi inalijua jambo hili kwa jina la hima: ardhi inayotengwa na mtawala, isilishwe wala isikatwe, kwa maslahi ya wote. Mtume (s.a.w.) aliitenga An-Naqii, na akaifanya Madina kuwa haram ambayo miti yake haikatwi na windo lake haliwindwi. Umar bin al-Khattab (r.a.) aliitenga Ar-Rabadha, akamweka mtumishi wake aitwaye Hunayy awe msimamizi. Maagizo aliyompa yamo katika Sahihi ya Bukhari, na kila askari wa hifadhi angefaa kuyajua. Alimwamuru awainamishie watu bawa lake na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Alimwamuru amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Ibn Auf na Ibn Affan, kwani matajiri hao wawili mifugo yao ikifa wanayo mashamba na mitende ya kurejea, ilhali maskini mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake kwa Khalifa kuomba. Kisha Umar akakiri jambo zito: kwamba watu wale wanamwona amewadhulumu, kwamba nchi ile ni yao, waliipigania zama za Jahilia na wakasilimu wakiwa juu yake, na kwamba lau si wanyama wa kubebea katika njia ya Mwenyezi Mungu asingewatengea hata shubiri moja ya ardhi yao.

Al-Mawardi, katika Al-Ahkaam as-Sultaniyya, aliifungia mlango hukumu hiyo: hima inaweza kuwa ya watu wote, na inaweza kuwa ya mafakiri peke yao, wala haijuzu kuwa ya matajiri bila ya mafakiri.

Tuipime Bunda kwa mizani hiyo. Kutenga hifadhi kwa asili yake ni jambo la halali na lenye maslahi, na mzazi yule alikosea alipoifanya hifadhi yote kuwa dhulma. Lakini mkulima wa kijiji cha mpakani hulima mtama na mahindi, na tembo huja usiku. Ameamka asubuhi, jasho la msimu mzima limekwenda. Kwa kanuni za mwaka 2011 hupewa kifuta jasho, na aliyejeruhiwa au kufiwa hupewa kifuta machozi. Majina hayo yanajieleza yenyewe. Malipo hufuata viwango vilivyopangwa, na si thamani kamili ya kilichopotea. Anayefutwa jasho hajalipwa fidia.

Katika fiqhi mas-ala ya mnyama na shamba ni ya zamani mno, Sura ya Al-Anbiyaa imetaja hukumu ya Nabii Daud na Nabii Sulayman (a.s.) juu ya kondoo walioingia shambani usiku. Na ngamia wa al-Baraa bin Azib (r.a.) alipoharibu bustani ya watu, Mtume (s.a.w.) aliwabebesha wenye mashamba ulinzi wa mchana, na wenye mifugo dhamana ya kinachoharibiwa usiku. Tunajua kwamba mnyama wa porini kwa asili hana mwenyewe, na asiye na mwenyewe hana wa kumdhamini. Lakini je, mnyama ambaye sheria imemfanya mali ya umma, mkulima akakatazwa kumwinda, na mapato ya kumtazama yakawa na mpokeaji, bado ni mnyama asiye na mwenyewe? Hapa hatutoi fatwa. Tunawaomba maulamaa wa nchi walifanyie utafiti, kwani wakulima wa Bunda wanaswali nyuma yetu.

Na iko habari ya Nyatwali, kata ya Bunda iliyo kati ya hifadhi na Ghuba ya Speke. Serikali iliamua wakazi wake wahame ili wanyama wapate njia ya kufika ziwani, na baada ya miaka mingi ya suala hilo kuzungumzwa, malipo ya fidia yalianza kutolewa katika miaka ya 2020. Historia ina kipimo chake. Mwaka wa 17 Hijria Umar (r.a.) alipoupanua Msikiti wa Makka alinunua nyumba zilizouzunguka. Waliokataa kuuza, nyumba zao zilibomolewa, na thamani yake ikawekwa katika hazina ya Al-Kaaba mpaka walipokuja kuichukua. Maslahi ya wote yanaweza kumhamisha mtu, hata kwa ajili ya Nyumba ya Mwenyezi Mungu. Lakini thamani ya mali yake husimama pale pale, kamili, ikimsubiri yeye, wala hasubirishwi yeye kwa miaka.

JIBU LETU KWA MWALIMU

Kwa ufupi, safari hii inajuzu, na ikinuiwa elimu na mazingatio tunamtarajia Mwenyezi Mungu ailipe thawabu. Kiingilio ni malipo ya huduma, na dosari iliyomo katika sehemu ya jambo haiharamishi jambo zima.

Tunamshauri achunge yafuatayo. Butiama wanafunzi watazame na wasome, wawaheshimu wenyeji na makaburi yao, wala wasifanye ibada yoyote kwa ajili ya kaburi. Mabinti wafuatane na maharimu wao au wanawake waaminifu, kwa idhini ya wazazi. Safari ya Musoma na Butiama haifikii masafa ya kupunguza swala, ambayo kwetu ni marhala mbili, zinazokadiriwa kuwa zaidi ya kilometa 80. Safari ya ndani ya Serengeti na aipime kabla ya kuondoka, asije akapunguza kwa dhana.

Na tunamshauri azidishe siku ya tatu. Kabla ya kuingia Ndabaka, awasimamishe wanafunzi katika kijiji kimoja cha mpakani, kwa makubaliano na wenyeji. Wamkute mkulima shambani kwake, wamsaidie kupalilia saa moja, wale chakula walichokinunua kwake kwa bei nzuri, na wasipige picha bila ya ruhusa. Kisha wamuulize tembo walipita lini, na alilipwa nini. Wakitoka hapo waende wakawatazame tembo wale wale. Watamsabihi Muumba wao kwa kuwaona, kama inavyopasa, na watakuwa wamemkumbuka mtu aliyelala macho usiku kwa sababu yao.

Hoja tatu za mzazi zimetufundisha jambo. Kikao kilitumia saa nzima juu ya kaburi moja, na kikamaliza bila ya kuwataja majirani walio hai. Umar (r.a.) alimhofia Hunayy dua ya aliyedhulumiwa, na dua hiyo haina pazia kati yake na Mwenyezi Mungu.

Tunamuomba Allah atujaalie katika wenye kutembea wakazingatia, awarehemu waliotutangulia kwa imani, na awape watu wa Mara mvua yenye manufaa na haki kamili.

Wallahu aalam.